Chakula cha Mgonjwa

Sura ya Nane

Dokta Halima hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi ili kusalimia. Inspekta Tumsifu alipoliona jina lake kwenye simu aliiacha chai mezani, akavaa koti na kutoka. Juni ya Songea haina utani na mtu, na Tumsifu, ingawa alizaliwa milimani Upareni, alikuwa ametumikia Dar es Salaam miaka mingi kiasi cha kusahau baridi. Alifika wodini akiwa bado anasugua viganja.

"Imepanda tena," daktari alisema, salamu zikisubiri.

"Potasiamu?"

"Hiyo hiyo. Jana mchana ilikuwa imeshuka vizuri, nikaanza kufikiria kumruhusu. Asubuhi hii muuguzi ananiita, moyo wa mzee unapiga kwa kusitasita. Angalia mwenyewe."

Tumsifu aliipokea karatasi ya kipimo cha moyo. Hakuwa daktari, lakini kesi hii ilikuwa imemfundisha kusoma jambo moja. Moyo mzima, baada ya kila pigo, huchora kilima kidogo cha mviringo. Moyo uliozidiwa na potasiamu huchora kilima kirefu chenye ncha, kama hema. Karatasi ile ilikuwa na mahema mstari mzima.

Mahema yale yalikuwa yameivuruga kesi yake yote. Mtu anayetuhumiwa kumlisha sumu Mzee Fransisko alikuwa mahabusu tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Mzee Fransisko, seremala mstaafu wa Msamala, alikuwa amelazwa kwa mara ya tatu tangu mvua zikatike. Kila akipona na kurudi nyumbani, haikupita muda miguu ikalegea na mapigo yakafifia. Binti yake mkubwa, Eufrasia, alichoka kusubiri msiba, akaenda polisi kusema kwamba wifi yake Violeth, mke wa ndugu yake Leonce, anamwekea baba sumu. Sababu alikuwa nayo: mzee alikuwa amemkatalia Leonce kujenga kwenye kiwanja cha mbele, na Violeth alinuna wiki nzima. Polisi walipopekua jikoni walikuta mfuko wa nailoni wenye chengachenga nyekundu. Mkemia akasema ni mbolea ya potasiamu. Violeth ana duka la pembejeo Bombambili, mbolea kwake ni kama unga kwa mwenye mashine ya kusaga. Mkuu wa upelelezi aliona kazi imekwisha. Alitaka jalada liende kwa wakili wa serikali leo mchana, shtaka likiwa kujaribu kuua.

"Nieleze tena," Tumsifu alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Dokta Halima, mtu wa Tanga, alipenda kuulizwa. Alivuta kiti.

"Potasiamu nyingi ya mwili inakaa ndani ya misuli. Kwenye damu inazunguka kidogo sana, na hicho kidogo ndicho kinachousaidia moyo kupiga sawasawa. Kikipungua, moyo unakwenda ovyo. Kikizidi, unasimama. Kwa hiyo figo zinakaa mlangoni saa zote. Unakula, zinapima, kinachozidi zinakitoa na mkojo. Wewe na mimi tukimaliza chane ya ndizi, kesho tuko kazini. Figo za mzee zimechoka. Kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka."

"Na ile sindano unayompa?"

"Kalsiamu. Haitoi potasiamu hata chembe. Inaushika moyo tu usiyumbe, wakati insulini na sukari zinaisukuma potasiamu irudi ndani ya misuli. Hata hiyo kalsiamu kwake ni shida nyingine. Kuna tezi nne ndogo shingoni, hazizidi punje ya mchele, kazi yao kuangalia kalsiamu ya damu. Ikishuka, zinakwenda kuchota kwenye mifupa. Figo zikiwa mbovu, zinachota kila siku. Ndiyo maana analalamika mifupa." Alitazama mlango wa wodi. "Mwili wa mzee yule unahangaika kujisawazisha kwa kila njia, Inspekta. Lakini kuna mtu anaumwagia. Na safari hii ilibaki kidogo nimpoteze."

"Jana jioni alikula nini?"

"Alicholetewa na mke wake. Wagonjwa wote hapa wanaletewa chakula na ndugu."

"Ulishamkataza vyakula?"

"Nilimkataza mama yule ndizi, maharage, parachichi, chumvi, na magadi. Ananisikiliza kuliko wanangu mwenyewe."

"Kuanzia sasa asile chochote cha kutoka nje mpaka nikupigie."

"Nimeshazuia," alisema Dokta Halima. "Hotpoti yake hii hapa."

Kabla ya kuondoka Tumsifu alipita kitandani. Mzee Fransisko alikuwa amelala chali, mikono yake mikubwa ya useremala juu ya blanketi, nyaya kifuani. Alifumbua jicho moja.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Tumsifu."

"Milele na milele, amina," mzee alijibu kwa sauti ya chini. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, na tangu alipolijua jina la mpelelezi huyu hakuwahi kuacha kulijibu kama salamu ya kanisani. "Mkwe wangu mmemtoa?"

"Bado, baba."

"Mtoeni. Yule mtoto hana kosa." Jicho likafumba.

Eufrasia alikuwa barazani, amejifunga vitenge viwili kwa baridi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipomwona Tumsifu alisimama kwa heshima.

"Chakula cha baba kinatoka wapi tangu Jumatatu?" Tumsifu aliuliza.

"Kwa mama. Mimi nilitaka kumnunulia uji hotelini, chochote cha nyumba ile kisimguse. Mama akakataa. Akasema mume wake hajawahi kula cha hotelini."

"Nani mwingine anaigusa hotpoti?"

"Hakuna. Mama anapika, mimi naibeba. Siiachi hata nikienda msalani, namwachia muuguzi."

"Kwa hiyo kama kuna kitu kinaingia, kinaingia mkononi mwa mama au mkononi mwako."

Eufrasia alimkodolea macho. "Afande, unajua unachosema?"

"Najua. Kabla ya Jumatatu, nani alikuwa akimpikia?"

"Violeth anapika nyumba nzima."

"Na mzee?"

Eufrasia alisita. "Mzee ana chungu chake kidogo. Mboga isiyo na chumvi. Hicho ni cha mama." Alisema kana kwamba hilo halina uzito wowote, na inawezekana kwake halikuwa nalo. Siku zote hizi hakuna aliyeuliza habari za chungu kidogo, kwa sababu nani atamuuliza mke aliyeishi na mumewe miaka hamsini anampikiaje?

Tumsifu aliibeba hotpoti hadi kwenye gari, ambako Koplo Ramson alikuwa anamsubiri. Ramson alikuwa mtu wa hapa hapa, Mngoni mcheshi aliyezijua njia zote za mji. Walimimina sampuli kwenye chupa safi, wakaitia lakiri. Katika iliyobaki Tumsifu alichovya ncha ya kidole na kuonja. Ilikuwa mlenda. Haukuwa na chumvi, kweli, lakini ulikuwa na kitu kingine, ladha ya utelezi inayobaki kwenye ulimi kama mtu aliyelamba sabuni.

"Hebu onja."

Ramson alionja, akaonja tena, akalamba kidole. "Mboga nzuri tu, afande."

"Huoni ladha ya ajabu?"

"Mboga ya nyumbani. Kama ya mama yangu." Akaangalia hotpoti kwa tamaa kidogo.

Tumsifu hakubishana naye. Mmoja wao alikuwa na ulimi mbovu, na hakuwa na hakika ni nani. Akamwambia ampeleke kituoni kwanza.

Violeth aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejikunyata. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye cheti cha kilimo, mtaratibu wa maneno. Jumatatu alikuwa amejibu kila swali bila kujikwaa: kuhusu kiwanja, kuhusu kununa kwake, hata kuhusu mbolea, kwamba alimletea mama mkwe kwa ajili ya bustani ya nyanya. Kisha Tumsifu akamsomea majibu ya hospitali, akalitaja neno potasiamu, na Violeth akanyamaza. Hakufungua mdomo tena. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameupigia mstari ukimya ule kwa kalamu nyekundu.

"Swali langu ni moja," Tumsifu alisema. "Nilipotaja potasiamu ulinyamaza. Kwa nini?"

Violeth aliangalia meza.

"Potasiamu ya baba mkwe wako imepanda tena asubuhi hii."

Kichwa kikainuka. "Imepandaje? Si yuko hospitali?"

"Yuko hospitali."

"Anakula nini?"

"Anachopikiwa na mama."

"Dada Eufrasia alisema atamnunulia uji." Violeth alikuwa amesimama bila kujua. "Aliapa mbele yangu kwamba chakula cha nyumbani hakitamfikia tena. Afande, nakuomba, mzuieni. Asile. Hata kijiko."

"Kimeshazuiwa. Tangu asubuhi."

Violeth alikaa. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Tumsifu alimwacha. Alikuwa amewahoji watu wengi katika chumba cha namna ile, na hakuwahi kumwona aliyetia sumu akilia kwa furaha kwamba imezuiwa.

"Nani anampa, Violeth?"

"Sijui chochote, afande."

"Unajua."

"Leonce amepeleka mahindi Dar na lori. Akirudi nitazungumza naye. Ni mambo ya nyumbani, yeye ndiye atakayejua namna ya kuyasema."

"Jalada lako linakwenda kwa wakili leo mchana. Unajua ni miaka mingapi?"

"Najua," Violeth alisema, akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Ila baba asile."

Garini Ramson alikuwa wa kwanza kusema. "Anamficha mtu."

"Ndiyo. Na mtu huyo si wa kumwogopa. Ukimwogopa mtu huwezi kumsubiri mumeo arudi ili ayaseme kwa upole." Tumsifu alifunga mkanda. "Twende Msamala. Nataka kuona chungu kidogo."

Bibi Benigna walimkuta jikoni, kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, anapuliza moto. Alikuwa mfupi, mwembamba, rozari shingoni. Nyuma yake, kupitia dirishani, ilionekana bustani ya nyanya iliyopandwa kwa mistari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Sogeeni kwenye moto, nje kuna baridi. Baba yenu kaamkaje?"

"Daktari yuko naye," Tumsifu alisema, na hilo lilikuwa kweli. "Mama, tumekuja kuona unavyompikia. Fanya tu kama kila siku. Koplo ataandika."

Bibi Benigna hakuona ajabu. Polisi walishaandika mengi katika nyumba ile. Alichukua mlenda uliokatwakatwa, akaonyesha nyanya, akaonyesha kitunguu. Chumvi, alisema, haipo hata ya dawa. Akawafungulia kopo kuthibitisha. Kisha akamimina kwenye chungu kidogo maji kutoka kwenye kikombe cha bati, maji yenye rangi ya chai nyepesi, akatia mlenda, na mara ukaanza kuvutika vizuri. Ramson aliandika: mlenda, nyanya, kitunguu, maji.

"Hayo maji ni ya nini?" Tumsifu aliuliza.

"Ya mboga, afande," Ramson alijibu kwa niaba.

"Maji ya mboga ndiyo nini?"

Ramson alimtazama bosi wake kama aliyeulizwa moto ni nini. "Si yale ya majivu. Ya kulainishia. Kila nyumba yanakuwepo."

Tumsifu aliinuka. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na chungu kikuukuu kilichotobolewa kitako, kimewekwa juu ya sufuria. Ndani yake kulikuwa na nyasi chini, na juu ya nyasi majivu ya kijivu yaliyoshindiliwa, yamelowa. Tone moja likajikusanya chini, likaning'inia, likadondoka.

"Nieleze, mama. Mimi ni mgeni."

Bibi Benigna alifurahi. Mtu mzima hupenda kuulizwa kazi yake. "Unamwagia maji juu, yanachuja polepole. Mama yangu Peramiho alikuwa anapika hivi, chumvi ya dukani tuliiona kwa nadra. Mimi nilishayaacha muda mrefu, mwanangu, magadi yalivyokuwa rahisi. Sasa daktari akamkataza baba yenu chumvi, akakataza na magadi. Mlenda usio na kitu hauliki. Alikuwa anaurudisha vile vile, anakonda. Roho ikaniuma. Nikasema, kumbe naweza kumtengenezea kwa mikono yangu, kitu safi, kisichotoka dukani. Tangu hapo anakula mpaka anafuta chungu."

"Ulianza lini?"

"Alipokatazwa chumvi tu. Mvua zilipokatika."

Mvua zilipokatika. Kabla ya hapo mzee alikuwa na presha na figo mbovu, lakini hakuwahi kuanguka hata mara moja. Alianza kuanguka siku mkewe alipoanza kutii.

"Na majivu haya ni ya kuni?"

"Ya kuni hayana nguvu. Haya ni ya maganda ya maharage na ya ndizi. Ndizi zenyewe na maharage simpi, daktari kakataza, wanakula wengine. Maganda nakausha, nachoma." Aligeuza mboga. "Sitaki kumkosea daktari hata kidogo."

Tumsifu alitoka nje akasimama kati ya nyanya, akapiga simu.

"Dokta, mtu akichoma maganda ya ndizi yakawa majivu, ile potasiamu inaungua?"

"Haiungui," Dokta Halima alisema polepole. "Moto unakula kila kitu, yenyewe inabaki. Ukiyamwagia majivu maji, inatoka na maji. Ni chumvi kali kabisa, Inspekta. Nani kachoma?"

"Mama."

"Mungu wangu." Halafu, "Mimi sikumuuliza. Nilimuuliza anakula nini, sikumuuliza anapikiwa kwenye nini."

"Wala sisi hatukuuliza."

Alimpigia mkuu wa upelelezi, akamwomba alizuie jalada mpaka sampuli ya mboga na ya majivu zipimwe. Mkuu aliguna, akataka kujua sumu imetoka wapi. Tumsifu alimwambia hapakuwa na sumu. Aliporudi jikoni, Bibi Benigna alikuwa anaifunika mboga kwa sahani ili isipoe, na Tumsifu akashindwa kulisema lile alilokuja nalo mdomoni. Alimhurumia sana. Alisema tu kwamba mzee leo amezuiwa kula, kwamba waende wakamwone, na kwamba kile chungu cha majivu Koplo atakibeba.

"Hicho nacho mnakipeleka wapi?"

"Daktari anataka kukiona, mama."

Hospitalini alimwacha Bibi Benigna kwenye benchi na kuingia peke yake. Mzee alikuwa na nafuu, sindano zilikuwa zimefanya kazi yao. Tumsifu aliinama karibu na sikio lake na kumweleza yote, kwa maneno machache. Mzee Fransisko alisikiliza akiangalia dari.

"Andika ni mimi," alisema mwisho. "Andika niliilamba ile mbolea, nikadhani chumvi. Mzee, macho hayaoni. Nani atabisha?"

"Siwezi kuandika uongo, baba. Na wewe ukirudi nyumbani atakupikia tena."

"Nitakula kidogo kidogo."

"Baba."

Mzee alifumba macho. Machozi mawili yakatoka pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuwa na nguvu za kuyafuta. "Basi niachie nimwambie mwenyewe. Wewe utamwambia kipolisi."

Bibi Benigna aliingia, akavuta blanketi likae vizuri, akagusa miguu ya mumewe kuona kama ina baridi. Eufrasia alisimama nyuma yake. Tumsifu alirudi nyuma hatua chache, karibu na dirisha, maana ilimpasa asikie.

"Benigna," mzee alisema, "unalikumbuka kabati la kwanza nililokutengenezea?"

"Lile lililoniangukia mguuni?"

"Hilo. Mguu ukavimba mwezi mzima. Wakati nalipigilia misumari nilikuwa nakupenda au sikupendi?"

"Kichaa kimekupanda?"

"Nijibu."

"Ulikuwa unanipenda."

"Ndiyo. Sasa na mboga zako zimeniangukia hivyo hivyo." Aliutafuta mkono wake juu ya blanketi. "Yale maji ya majivu. Figo zangu haziyawezi. Yana kitu kile kile cha ndizi, kinausimamisha moyo. Hakuna aliyetujulisha, mke wangu. Hata daktari hakujua kama unayatia."

Bibi Benigna hakulia. Aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mzee. "Mara zote tatu?"

"Zote."

"Jana jioni ulinirudishia hotpoti tupu, nikamshukuru Mungu."

"Nilikuwa na njaa. Na ulikuwa mtamu."

Kisha kitu kikamjia Bibi Benigna, akageuka, na uso wake ukabadilika kabisa. Hakumtazama Tumsifu. Alimtazama Eufrasia.

"Na yule mtoto wa watu?"

Eufrasia aliinamisha kichwa.

"Nipeleke," Bibi Benigna alimwambia Tumsifu. "Kama kuna wa kufungwa ni mimi. Nipeleke sasa hivi."

"Hakuna wa kufungwa, mama. Hili si kosa la jinai."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Dhamana ya polisi ina taratibu zake, na mkuu wa upelelezi hakuwa mtu wa kuziruka. Alisoma maelezo, akaongea na daktari kwa simu, akatazama chungu kilichotobolewa juu ya meza yake kwa muda mrefu. Mwishowe alikiri kwa sauti ndogo kwamba kwa bibi yake, Mbinga, kilikuwapo kama hicho, akasaini. Bibi Benigna alikuwa amesimama kaunta muda wote huo. Alikataa kukaa.

Violeth alitoka akipepesa macho kwa mwanga, ndala mkononi. Alipomwona mama mkwe wake alisimama. Akapiga magoti kidogo, kama anavyomsalimu kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

Bibi Benigna alijivua kitenge cha mabegani, akamfunika nacho Violeth, akakikaza kifuani pake kwa mikono miwili, na hakukiachia.

"Violeth, si wewe. Ni mimi. Ni yale maji yangu."

"Najua, mama."

"Umeambiwa?"

"Hapana. Nilijua afande alipotaja potasiamu. Kule dukani nawaambia wakulima kila siku, kama hamna hela ya mbolea mwageni majivu."

Bibi Benigna alimtazama, akijaribu kulielewa. "Ulijua tangu Jumatatu. Ukakaa humu ndani, kwenye baridi hii."

"Nilidhani baba anakunywa uji wa hotelini. Nilidhani yuko salama, nimsubiri tu Leonce."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Ningesemaje, mama?" Sauti ya Violeth ilikatika kwa mara ya kwanza. "Niwaambie polisi mama yangu ndiye anayemuua baba?"

Bibi Benigna akakaa chini pale pale, kwenye saruji baridi ya kituo cha polisi, akalia kwa sauti kama mtoto, na Violeth akakaa chini naye, akamwegemeza kifuani ndani ya kile kitenge. Koplo Ramson alikuja na viti viwili. Akawatazama, akamtazama Tumsifu, akavirudisha taratibu vilikotoka.